Deni Linalozaa

Asubuhi Nyangi alikuwa anasaga wimbi juu ya jiwe. Binti yake, Gati, alikuwa anafagia uwanja kabla ya kwenda shule. Mume wake, Wangwe, alikuwa anafungua lango la zizi. Ng'ombe wachache walitoka mmoja mmoja.

Mara kengele ya baiskeli ikalia huko chini njiani.

Nyangi akaacha kusaga. Gati akaweka ufagio chini, akaingia ndani bila kuambiwa. Wangwe akarudi zizini, akainama kama mtu anayetafuta kitu kwenye samadi.

Kengele ikalia tena. Haikusimama. Ikapita.

"Amepita," Nyangi akasema. Lakini mikono yake ilikuwa bado juu ya jiwe. Haikusaga.

Mimi ni jirani yao. Jina langu ni Rubeni. Nyumba yangu iko bondeni, na njia ya kwenda Tarime inapita mbele yake. Kengele ile niliisikia kabla yao kila siku. Nikiisikia, nilisema moyoni, leo itasimama kwa Wangwe.

Mwenye baiskeli alikuwa Machage. Huyu alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Alikuwa pia na duka pale Tarime. Hakuwa mtu wa kelele. Aliongea polepole, alisalimia hata watoto, na hakumtukana mtu yeyote. Wengi walimkopa kwa sababu hiyo. Walisema, "Machage ana huruma."

Deni la Wangwe lilianza hivi. Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Wimbi lilikuwa bado changa shambani. Jumbe akaja na askari wa chifu kudai kodi. Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, anataka kodi, walisema, na Bwana Shauri hangoji mavuno. Sijui ni nani aliyepanga kodi idaiwe wakati ghala ni tupu. Labda ni mtu ambaye hajawahi kuwa na ghala. Mwaka huohuo kijana wa Wangwe, Mniko, alikuwa anatahiriwa. Kijana akitahiriwa, ndugu wote wanakuja kula na kunywa kwa baba yake. Baba asipotoa pombe ya kutosha, anachekwa mpaka uzeeni.

Wangwe alikwenda kwa Machage peke yake. Hakumwambia mkewe. Hakuchukua shahidi. Aliona aibu. Akakopa shilingi arobaini. Akalipa kodi. Na pombe ikanywewa.

Sasa Mniko alikuwa amekwenda Kericho kuchuma chai, na hatukusikia habari zake. Deni lilibaki nyumbani.

Siku moja kengele ilisimama.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kurudisha jembe. Machage aliegemeza baiskeli kwenye ua. Akavua kofia.

"Hodi hapa."

"Karibu," Wangwe akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Mniko, hujambo? Rubeni, habari za bondeni? Na wewe, mkwe wangu, umeamkaje?"

Siku zote alikuwa akimwita Wangwe kwa jina lake, au alimwita rafiki. Leo alisema mkwe.

Wangwe akajaribu kucheka. "Mkwe tena, Machage?"

"Ndiyo. Nimefikiri sana. Pesa ni taabu, mkwe. Zinagombanisha watu. Undugu ni bora. Wewe una deni, mimi nina nyumba mbili, na wake zangu wamechoka. Mavuno yakikatwa nitakuja na wazee. Tutakaa. Tutalimaliza jambo hili vizuri."

"Gati ni mtoto," Nyangi akasema. "Yuko darasa la pili."

"Najua, mama. Sina haraka. Atakua kwangu." Akatoa kifurushi kwenye mfuko wa koti, akakiweka juu ya jiwe la kusagia. "Sukari ya mtoto hii. Haya, nawaacha."

Akavaa kofia. Akapanda baiskeli. Kengele ikalia mpaka kule mtoni.

Nyangi aliingia ndani, akamkuta Gati amejibanza nyuma ya mtungi wa maji, magoti kidevuni.

"Mama, tata ameniuza?"

"Hapana. Baba yako hajakuuza."

"Basi mbona ameleta sukari?"

Nyangi alitoka nje, akamtazama mume wake. "Ni shilingi ngapi?"

Wangwe akaokota jembe nililomrudishia, akalipangusa.

"Nakuuliza, baba Mniko. Mtu anakuja kwangu anamtaja mtoto wangu, na mimi sijui kwa shilingi ngapi."

"Tisini," Wangwe akasema.

"Ulikopa tisini?"

"Nilikopa arobaini."

Nyangi akakaa chini. Ile sukari hakuigusa. Hakutaka kuipokea, wala hakujua namna ya kuirudisha. Ikabaki palepale juu ya jiwe. Siku hiyo hakusaga.

Kwetu sisi, ng'ombe wa mahari ya binti ndio ng'ombe wa kaka yake kuolea. Gati akiolewa kwa ng'ombe, Mniko naye anapata mke. Lakini Gati akienda kwa deni, hakuna ng'ombe anayekuja. Kwa hiyo deni lile lilikuwa linawala watoto wawili. Nilimwambia Wangwe hivyo. Akasema, "Najua, Rubeni. Ndiyo sababu silali."

"Sasa utafanya nini?"

"Kuna mtu mwingine pale Tarime anakopesha. Nitachukua tisini kwake, nimlipe Machage."

Nilimwona kama mtu anayekimbia moto akielekea kwenye moto mwingine. Lakini mimi sikusoma sana, sikujua nimwambie nini.

Kesho yake Agustina alipita. Huyu ni mama mmoja mjane anayeuza tumbako kwenye mnada. Ana umri mkubwa kuliko sisi, na hana haya ya maneno. Alipofika uwanjani alisimama, akatazama jiwe la kusagia. Sisimizi walikuwa wameingia kwenye kifurushi, wamejipanga mstari mpaka ukutani.

"Nyumba gani hii?" akasema. "Watu wanakunywa uji bila sukari, sisimizi wanaandaliwa chai!"

Nyangi alitaka kucheka, akalia. Akamwambia yote.

Agustina alitua kikapu chake. "Mwite mumeo. Na Rubeni aje pia. Jambo hili lisizungumzwe na mtu mmoja tena. Limeharibika kwa sababu lilizungumzwa na mtu mmoja."

Wangwe akaja. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Leta magunzi ya mahindi." Gati akaleta magunzi katika ungo. Agustina akayamwaga chini. "Kila gunzi ni shilingi kumi. Weka madeni yako yote hapa. Yote, Wangwe. Usifiche hata moja, maana mimi si mke wako, sitalia."

Wangwe akaanza kwa shida. Shemeji yake Nikolaus anamdai shilingi ishirini za mbuzi wa tohara. Magunzi mawili. Kodi ya mwaka huu, shilingi kumi na mbili. Gunzi moja na kipande. Machage, arobaini. Magunzi manne.

"Nikolaus umemlipa kitu?"

"Nilimlipa kumi mwaka jana. Zilikuwa thelathini."

"Kwa nini ulimlipa yeye?"

"Alinitukana kwenye pombe, mbele ya watu wa rika langu."

"Na Machage?"

"Machage hakusema kitu. Aliniambia haraka haipo."

Agustina akapiga mapaja yake. "Mnaona! Nikolaus anapiga kelele kama bata, analipwa. Machage ananyamaza kama chatu, anaachwa. Sasa niambie. Deni la Nikolaus limeongezeka?"

"Hapana. Nikolaus ni ndugu."

"Basi deni hilo halizai. Litabaki vilevile, yeye atapiga kelele tu, na kelele haivunji mfupa. Haya, tutazame la Machage. Mavuno ya kwanza hukumlipa. Akasemaje?"

"Akasema nusu inaongezwa. Ikawa sitini."

Agustina akaongeza magunzi mawili. Sasa yalikuwa sita.

"Mavuno ya pili?"

"Nilikuwa nimeuza wimbi likiwa bichi shambani, ili nilipe kodi. Aliyenunua alinipa bei ndogo. Lilipokomaa akalikata yeye. Sikuwa na kitu."

"Nusu ya sitini ikaongezwa." Akaweka magunzi matatu. Sasa yalikuwa tisa. Wangwe aliyatazama kama anaona nyoka. Nafikiri alikuwa hajawahi kuliona deni lake likiwa limelala chini mahali pamoja. Lilikuwa likikaa kichwani mwake tu, na kichwani lilikuwa giza.

"Na mavuno haya usipolipa?" Agustina akauliza.

Gati ndiye aliyejibu. "Mia na thelathini na tano," akasema kwa sauti ndogo.

"Huyo ndiye mnataka kumtoa shuleni," Agustina akasema. "Sikieni. Deni linalozaa hulipwa kwanza. Deni lisilozaa linaombewa muda. Na huko Tarime ambako Rubeni ananiambia unataka kukopa tena, je, huyo mtu wa pili hataki nusu?"

"Anataka."

"Basi umebadilisha zizi tu, deni bado linazaa. Usikope. Una nini cha kuuza?"

"Sina."

"Una ng'ombe."

Wangwe alisimama. "Ng'ombe hauzwi kwa deni! Waliopo zizini ni wa kukamua na wa kulima. Watu watasema Wangwe amekwisha."

"Sisemi wa zizini. Yule mweupe aliyeko kwa Rubeni."

Hapo na mimi nilishtuka. Yule ng'ombe mweupe alikuwa wa Wangwe, lakini alilala kwangu. Ndiyo desturi yetu. Mtu anampa rafiki yake ng'ombe amfuge. Maziwa ni ya mfugaji, ndama ni wa mwenyewe. Mke wangu alifia njiani kwenda hospitali, maana jumbe alisema gari la kutengeneza barabara si la kubeba wagonjwa. Aliniachia watoto wadogo. Wangwe alinipa yule ng'ombe ili wanywe. Kumwita ng'ombe wa namna hiyo arudi ni kama kusema urafiki umekwisha.

Wangwe hakunitazama. "Siwezi," akasema. "Watoto wa Rubeni wanakunywa maziwa yake. Na ng'ombe anazaa, mama. Mwakani atakuwa na ndama mwingine."

"Anazaa mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja."

"Ndama wa mwaka mmoja anauzwa shilingi ngapi?"

"Thelathini. Akinenepa."

"Na deni la Machage mavuno haya litazaa ngapi?"

Wangwe akahesabu kwa midomo. "Arobaini na tano."

"Sasa unaona nani anazaa zaidi? Ng'ombe wako anakimbizana na deni, na deni limemwacha. Na siku ya kukamatwa, hakamatwi ng'ombe. Anakamatwa Gati."

Nikasema, "Mchukue, Wangwe. Ila yule ndama jike wake aliyeachishwa akae kwangu. Akikua watoto watakunywa kwake." Haya niliyasema kwa mdomo. Moyo wangu uliuma, nisidanganye.

Agustina hakuwa amemaliza. "Ulikopa mbele ya nani?"

"Tulikuwa wawili tu."

"Basi ukimpelekea pesa dukani kwake mkiwa wawili, atasema ni mia na hamsini. Nani atabisha? Ukienda kwa jumbe, jumbe anakunywa chai kwenye duka hilohilo. Utafanya hivi. Siku ya mnada, muulize deni lako mbele ya watu, kabla hajajua kama una ng'ombe wa kuuza. Mwache ataje mwenyewe. Kisha uza. Kisha lipa palepale."

"Na akitaja nyingi?"

Agustina akafunga kikapu chake. "Hilo ndilo linaloniogopesha na mimi."

Siku ya mnada tulitoka mapema. Mimi nilishika kamba. Wangwe alitembea mbele, na Nyangi na Gati walikuja nyuma, kwa sababu Gati alikataa kubaki nyumbani peke yake. Kila baiskeli iliyopita alishika nguo ya mama yake.

Uwanja ulikuwa na vumbi na kelele. Agustina alikuwa ameshakaa juu ya gunia lake, anauza tumbako. Machage alikuwa karibu naye, na fimbo yake mkononi, anazungumza na wazee. Mimi nilisimama na ng'ombe nyuma ya watu.

Wangwe alivua kofia.

"Shikamooni, wazee. Machage, nimekuja kuuliza. Deni langu limefika wapi? Nisije nikakosea siku mtakapokuja kwangu."

Machage akatabasamu. Alipenda kuulizwa mbele ya watu. "Mkwe wangu, una wasiwasi wa nini? Ni tisini leo. Mavuno yakikatwa, mia na thelathini na tano. Lakini tumeshaelewana, sivyo?"

"Tisini, umesema?" Agustina akauliza kutoka kwenye gunia.

"Tisini, mama. Unazo wewe?"

Watu wakacheka.

"Mimi sina, mwanangu. Mimi nauza tumbako. Nasikiliza tu. Mzee Matiko, na wewe umesikia?"

"Nimesikia tisini," mzee Matiko akasema, akiendelea kutafuna tumbako.

Ndipo nikamwingiza ng'ombe.

Machage alimtazama ng'ombe, akamtazama Wangwe, na tabasamu likaondoka. Aligusa kofia yake tu. Wanunuzi wenzake waliona. Wakaanza kutazama pembeni, kama ng'ombe yule ana ugonjwa.

"Nani anaanza?" mnadi akauliza. "Ng'ombe mzuri huyu. Mia!"

Kimya.

"Tisini!"

Kimya. Mmoja akasema, "Sabini." Mwingine akasema, "Sabini na tano," halafu akatazama kofia ya Machage, akanyamaza.

Wangwe alikuwa amefumba macho. Nyangi alimshika Gati mabegani. Niliwaza, sabini na tano haimtoi mtoto. Tumemwonyesha chatu mkono wetu, na bado tuko ndani ya pango.

"Themanini na mbili," sauti ikasema.

Alikuwa mchinjaji kutoka Musoma, jina lake Selestine. Hakumjua Machage, wala hakujua mambo ya kofia. Alikuwa amekuja kununua tumbako kwa Agustina, na Agustina alikuwa amemwambia asubuhi, "Kuna mweupe anakuja, usimwache." Akamfungua ng'ombe mdomo. Akamshika ubavu. Akalalamika kwamba nundu ni ndogo, lakini mnadi akasema kwa themanini na mbili mwenye ng'ombe hauzi.

"Nundu ndogo, lakini wewe unauza nyama au nundu?" Agustina akasema.

"Mama, wewe uza tumbako yako! Tisini na saba. Siongezi hata senti."

Mnadi akapiga ubao. Karani wa mnada akakata ushuru wa shilingi moja. Hakuna pesa inayopita mikononi mwao bila kuumwa. Zikabaki tisini na sita.

Wangwe alizihesabu tisini mbele ya wazee, akamnyooshea Machage.

"Mavuno bado," Machage akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Tulisema mavuno. Mimi nitakuja na wazee, kama tulivyoelewana."

"Mimi sikuelewana," Wangwe akasema. "Ulisema tisini leo."

"Alisema tisini leo," mzee Matiko akasema. "Tumesikia wote. Machage, unakataa pesa? Basi ulikuwa unadai nini?"

Watu wakamtazama. Akazipokea. Akazihesabu mara mbili.

"Sema mbele yetu kwamba limekwisha," Agustina akasema.

"Limekwisha."

"Na hii," Wangwe akasema, akatoa shilingi nyingine. "Ni ya sukari. Waliila sisimizi, lakini niliipokea mimi."

Machage aliichukua shilingi ile bila kumtazama mtu.

Wangwe alirudi nyumbani na shilingi tano. Hakuwa tajiri, na hofu haikuisha siku ile. Kodi ilikuwa bado. Lakini safari hii alikaa na Nyangi, wakapanga magunzi yaliyobaki. Alikwenda kwa Nikolaus kabla Nikolaus hajaja, akamwomba amruhusu kulipa shilingi mbili mbili kila akiuza kitu. Nikolaus alipiga kelele kama tulivyotarajia. Kisha akakubali. Nyangi aliuza ndizi na mayai. Wangwe alivunja mawe ya barabara kwa mshahara. Mnunuzi wa wimbi bichi alikuja. Nyangi alimwambia, "Shambani kwetu hakuna cha kuuza. Njoo tukishavuna." Askari wa chifu alikuja na vitisho vyake, akaondoka na jogoo ambaye hakumwandika popote. Walivumilia. Walipovuna waliuza magunia machache kwa bei ya mavuno, wakalipa kodi. Mengine yakabaki ghalani. Nikolaus alimaliziwa mwaka uliofuata, naye akachinja kuku.

Wewe unayesoma haya kwa kidole, huenda na wewe una deni lililolala kichwani tu. Liweke chini, mbele ya watu wa nyumba yako. Tazama lipi linazaa. Hakuna jumbe atakayekuja kukuonyesha.

Siku moja baada ya mavuno nilikuwa uwanjani kwa Wangwe. Gati alikuwa anapepeta wimbi. Alikuwa amevaa nguo ya shule. Ndipo kengele ikalia njiani.

Nyangi alinyanyua kichwa. Wangwe alisimama, akabaki amesimama palepale mlangoni. Gati alisita. Ungo ulitulia mikononi mwake.

Baiskeli ikafika mbele ya ua.

"Habari, Wangwe," Machage akasema, bila kushuka.

"Nzuri, Machage."

Akapita. Gati alingoja mpaka kengele ikafika mtoni. Kisha akatikisa ungo, na makapi yakapeperuka.